Ukichukua, Taja

*Dar es Salaam imechanganya nyimbo, filamu na ramani za watu kwa miongo mingi, na ugomvi wa nani alipwe haujapata mwamuzi. Waliokaribia kuumaliza ni wachora ramani wa Tandale.*

Ukishuka kutoka Upanga kwa Barabara ya Umoja wa Mataifa, ukavuka Morogoro pale Faya na kuingia Mtaa wa Msimbazi, hutembei sana Kariakoo kabla ya kukutana na kibanda chenye kompyuta moja, spika mbili na tangazo la kujaza nyimbo na muvi. Mteja anatoa fleshi, anataja anachotaka, na kijana aliyekaa kwenye stuli anaburuta mafaili kutoka folda moja kwenda nyingine. Folda zimepangwa kwa akili ya biashara: za Kikorea, za Kihindi, za mapigano, singeli, taarabu, kaswida, na ile inayofunguliwa zaidi, ya muvi zilizotafsiriwa. Humo mna filamu za Hong Kong na Mumbai ambazo juu ya sauti za waigizaji imepandishwa sauti ya Mtanzania mmoja anayesimulia, kutania, kumpachika jambazi jina la mtaani na kumnong'oneza mtazamaji kwamba mama anayelia pale ni shangazi wa yule aliyeuawa mwanzoni. Fleshi ikijaa, mteja analipa na kwenda zake. Katika fedha hiyo hamna senti ya mwenye filamu, na aghalabu hamna hata ya msimulizi.

Kwa mwanasheria wa hakimiliki, kibanda hicho ni kesi iliyokwisha kabla ya kuanza. Kwa mtazamaji wa Buza au Mbagala, ndicho kinachomletea sinema anayoielewa mwanzo hadi mwisho. Pande hizi mbili zimebishana miaka mingi kama uchanganyaji huu ni wizi au ubunifu, na ubishi wenyewe umekuwa kikwazo, kwa sababu kazi moja inaweza kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja. Swali lenye faida ni jingine: aliyechukua amemtaja aliyemchukulia, na kuna njia nyepesi ya kumlipa? Makala haya yanadai kwamba mji huu una jibu, ila limekaa kwenye ramani, mahali ambapo wanamuziki na wauza muvi hawajawahi kwenda kulitafuta.

Tuni ya Bombay, mashairi ya Kimvita

Wanaodhani uchanganyaji umeletwa na intaneti wamesahau majumba ya sinema. Miaka ya 1950 na 1960, Wahindi wa Upanga na Waswahili wa Kariakoo walikutana kwenye majumba kama Empire, Avalon na Odeon kutazama filamu za Bombay, na nyimbo za filamu hizo hazikubaki ukumbini. Katika pwani yote zilivuliwa maneno ya Kihindi zikavishwa mashairi ya Kiswahili. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alijenga jina lake kwa kazi hiyo hasa. Walikuwapo waliombeza kuwa ni mwigaji, lakini wapenzi wake hawakuona tatizo: tuni ilikuwa ya huko, machungu ya mapenzi yalikuwa ya hapa.

Kisa cha wimbo mmoja kinaonyesha jinsi mnyororo huu unavyoweza kuwa mrefu. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja mwaka 1946, akaja kujulikana duniani kama Freddie Mercury wa kundi la Queen. Mwaka 1981 Queen na David Bowie walitoa "Under Pressure", wimbo unaobebwa na gitaa la besi lenye noti chache zinazojirudia. Mwaka 1990 rapa wa Marekani, Vanilla Ice, aliuchukua mlio huo bila ruhusa akajenga juu yake "Ice Ice Baby", na baadaye ikabidi alipe. Haukupita muda, kijana wa Dar es Salaam, Saleh Jabir, maarufu Saleh J, akaichukua biti ileile na kurap juu yake kwa Kiswahili. Leo anayeandika historia ya Bongo Fleva humweka Saleh J kwenye kurasa za mwanzo kabisa. Mlio uliotoka kwenye bendi ya mtoto wa Unguja ulirudi pwani hii baada ya takriban miaka kumi, ukiwa umezunguka Uingereza na Marekani, na kila aliyeushika aliuongezea kitu. Ukiupima kwa kipimo cha ruhusa peke yake, mwanzo wa muziki unaowalisha maelfu ya vijana wa Tanzania ungepaswa kuzimwa siku ya kwanza. Simwoni mtu anayetamani hivyo, hata miongoni mwa maofisa wa hakimiliki.

Singeli ilipita njia hiyohiyo, kwa kasi zaidi. Katika studio ndogo za Manzese, Tandale na Mburahati, vijana walikata vipande vya kinanda cha taarabu, wakavikimbiza kwenye kompyuta hadi mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, wakamwachia mwimbaji avikimbilie. Muziki huo ulikua kwenye vigodoro, sherehe za mtaani zinazokesha, kabla redio hazijaukubali. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso" kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, na muda si mrefu maprodyuza wa uswahilini wakawa wanaitwa kwenye matamasha ya Ulaya. Ni fahari ya mji. Lakini mpiga kinanda ambaye kipande chake kilikatwa, aghalabu jina lake halionekani popote, na hapo ndipo fahari inapoanza kuwa na walakini.

Mchele na pilau

Turudi kwenye muvi. Mtafiti wa Kijerumani Matthias Krings, aliyewachunguza wasimulizi wa video wa Dar es Salaam kama Lufufu, aliipa makala yake kichwa kinachosema kwamba watu hawa wanageuza mchele kuwa pilau. Ni sifa wanayoistahili. Msimulizi hatafsiri maneno tu. Anaeleza mila za watu wa mbali, anajaza mapengo ya hadithi, anatia methali, anamcheka shujaa anapofanya upumbavu. Kenya kuna DJ Afro, ambaye mashabiki humfuata yeye kuliko filamu anayoisimulia, na Uganda wasimulizi waitwao ma-VJ wamegeuka kuwa nyota wenyewe. Aliyekaa kwenye benchi la kibanda umiza, ukumbi wa video wa mtaani, amelipia sauti hiyo, na filamu iliyo chini yake angeweza kuipata popote.

Sifa hiyo, hata hivyo, ina upande ambao watetezi wa wasimulizi hawapendi kuufuata hadi mwisho. Mpishi wa pilau hulipia mchele. Ustadi wake wa viungo haumfutii deni la dukani. Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa Berne mwaka 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi mamlaka juu ya tafsiri ya kazi yake, awe Mumbai au Mburahati. Na sheria hiyohiyo huitambua tafsiri kama kazi inayolindwa kivyake, ilimradi haki ya mwenye asili haikuguswa. Kwa maneno mengine, sheria imeshaona kwamba kuna mchele na kuna pilau, na kila kimoja kina mwenyewe. Kilichokosekana ni kaunta ya kulipia.

> Mpishi wa pilau hulipia mchele. Ustadi wake wa viungo haumfutii deni la dukani.

Badala ya kaunta, tumekuwa na misako. Aprili 2017 waigizaji wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa kiholela. Hoja yao ilikuwa na uzito kuliko kejeli walizopata mitandaoni. Mtengeneza filamu wa Dar es Salaam analipia kamera, waigizaji, chakula cha kambi na kodi. Anayeuza filamu ya Kihindi iliyotafsiriwa analipia fleshi na umeme. Huo si ushindani wa haki, na kuwaambia waigizaji watengeneze kazi bora hakuondoi tofauti hiyo ya gharama. Hata hivyo, dawa ya misako haitibu. Diski zikinyakuliwa dukani, faili linahamia kwenye simu. Kibanda kikifungwa, chaneli inafunguliwa. Na tusisahau kwamba Bongo Movie yenyewe ilikua kwa kuitazama Nollywood kwa jicho la karibu sana, tena ikafika kushirikiana nayo waziwazi, kama filamu ya "Dar 2 Lagos" ya mwaka 2006 ilivyoonyesha. Aliyejifunza kwa kuchukua hana budi kuwa mpole kwa anayechukua.

Wapo watakaosema kwamba wenye filamu wa nje hawatakubali kamwe kuuza haki kwa Kiswahili. Ushahidi unasema wamekubali mara nyingi. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Tamthilia za Kituruki zenye sauti za Kiswahili zimekusanya familia mbele ya Azam TV jioni baada ya jioni. Wahindi nao hawana kinyongo na Mtanzania anayecheza na nyimbo zao: Kili Paul, kijana wa Kimaasai aliyepata umaarufu kwa kufuatisha midomo nyimbo za filamu za Kihindi, alitunukiwa na Ubalozi wa India jijini mwaka 2022, na Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja redioni. Lakini angalia waliofanikiwa ni akina nani: shirika la utangazaji, kampuni ya televisheni, na mtu anayetumia majukwaa yenye mikataba na makampuni ya muziki. Msimulizi wa Tandika hana wa kumpigia simu Mumbai. Mlango upo, ila umewekwa ghorofani na ngazi hazijajengwa.

Walichofanya Tandale

Katika ramani mambo yalikwenda tofauti, ingawa mwanzo wake ulikuwa uleule wa kuchukua bila kubisha hodi. Mwaka 2005, Google Maps ilipotoka, Mmarekani Paul Rademacher aliyachukua matangazo ya nyumba kutoka mtandao wa Craigslist akayapandisha juu ya ramani ya Google, bila kuombwa na yeyote. Januari 2008, Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi, Ory Okolloh na wenzake walianzisha Ushahidi, ambako taarifa za wananchi kwa ujumbe wa simu na barua pepe ziliwekwa kwenye ramani ili dunia ione vurugu zinatokea wapi. Vyote viwili vilionyesha nguvu ya kuchanganya, lakini ramani ya chini iliendelea kuwa mali ya kampuni, ambayo ingeweza kubadili masharti siku yoyote.

Tandale walichukua njia nyingine. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi pamoja na wakazi walipita vichochoroni na vifaa vya GPS, wakaandika vyoo, visima, maduka, madampo na njia, kisha wakaviweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Desemba mwaka huohuo mafuriko makubwa yalipiga jiji na kuua watu, hasa bonde la Msimbazi, ambalo wakazi wa Upanga hulitazama ng'ambo ya Jangwani kila mvua ikinyesha. Kwa ajili ya mafuriko kama hayo, mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, uliounganisha wanafunzi wa vyuo vikuu, wakazi, Msalaba Mwekundu na Benki ya Dunia. Kazi yenyewe haikuwa na mbwembwe: mwanafunzi akiwa na simu, mjumbe wa shina akionyesha mpaka wake, na mtu wa tatu akishusha kijiti kwenye mtaro kupima kina na upana. Picha za ndege zisizo na rubani zilitandazwa chini, nyumba zikachorwa juu yake moja moja, na takwimu hizo zikaingizwa kwenye programu ya InaSAFE kukadiria nyumba na barabara zipi zitazama maji yakipanda.

Huo ni uchanganyaji kamili: picha ya angani, kumbukumbu ya mjumbe, kipimo cha mtaro na hesabu ya kompyuta, vyote kwenye jani moja. Hakuna aliyemshtaki mwenzake, kwa sababu masharti yalijulikana kabla ya kazi kuanza. Leseni ya OpenStreetMap, inayotumika tangu 2012, inasema jambo jepesi: chukua takwimu, zitumie utakavyo, hata kwa biashara, taja chanzo, na ukiziboresha na kuzitoa hadharani, zitoe kwa masharti yaleyale. Ndiyo maana kwenye kona ya ramani nyingi mna maandishi madogo yanayowataja wachangiaji wa OpenStreetMap. Yule bibi aliyewaonyesha wanafunzi kisima chake hakutajwa kwa jina, ni kweli. Ila hakuna anayeweza kukifunga kisima hicho kwenye ramani na kumuuzia tena.

> Masharti yalijulikana kabla ya kazi kuanza. Ndiyo siri nzima.

Kuna pingamizi tatu zinazostahili kujibiwa, na hazilingani uzito. Ya kwanza ni kwamba ramani hizi zilitegemea fedha za wafadhili. Ni kweli, na mradi wa mfadhili huisha. Lakini takwimu zimebaki na yeyote anaweza kuziendeleza. Ya pili ina makali zaidi: makampuni makubwa kama Apple na Meta hutumia OpenStreetMap, kwa hiyo jasho la kijana wa Tandale limeingia kwenye bidhaa za matajiri. Hapa leseni huria ina udhaifu wa kweli, maana inamtaka tajiri na maskini mambo yaleyale, na haimdai tajiri malipo yoyote. Ya tatu ndiyo inayogusa wanamuziki: mtaro ni ukweli wa ardhini ambao mtu hakuutunga, wakati wimbo umemtoka mtu na ndio unaomlipia kodi ya nyumba. Pingamizi hii ni sahihi, na kwa sababu hiyo sipendekezi muziki ugawiwe bure kama ramani. Kinachofaa kuazimwa kwa wachora ramani ni mambo mawili: kutaja chanzo kuwe sharti, na masharti yawekwe wazi kabla mtu hajagusa kazi. Bei inaongezwa juu yake.

Salome upande huu, Uno upande ule

Bongo Fleva imeshatupa mifano ya njia zote mbili, ya kutaja chanzo na ya kutokitaja. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa "Salome", wimbo uliojengwa juu ya "Maria Salome" wa Saida Karoli wa mwaka 2001. Chanzo hakikufichwa, jina lenyewe lilikitangaza, na mwanamama aliyekuwa amesahauliwa na redio akarudi midomoni mwa watu na kwenye majukwaa. Mkopaji alinufaika, mkopeshaji alifufuka, na kizazi kilichokuwa hakijazaliwa wimbo wa kwanza ulipotoka kikaenda kuutafuta.

"Uno" ya Harmonize, iliyotoka mwaka 2019, ilipita njia ya miiba. Prodyuza wa Kenya, Magix Enga, alidai biti yake ya "Dundaing" imetumika bila ridhaa, akalalamika, na video ikaondolewa YouTube. Tusijifanye mahakama hapa kuamua nani alikuwa na haki. Cha kutazama ni utaratibu: ugomvi wa Watanzania na Wakenya juu ya mapigo ya ngoma uliamuliwa kwa kitufe cha kampuni ya Marekani. Mtambo wa YouTube wa kutambua kazi za watu, ulioanza mwaka 2007, unamtumikia vizuri aliyeandikisha kazi zake humo. Mzee aliyepiga kinanda Tanga miaka ya 1980 hajaandikisha kitu, na kwa mtambo huo ni kama hakuwahi kuishi. Tukiendelea kukaa bila utaratibu wetu, mwenye jina ataondoshewa video kwa dakika chache na asiye na jina ataendelea kukatwa vipande milele.

Kuanzia ghalani

Mahali pa kuanzia papo, na ni mali ya umma. Kabla redio binafsi hazijaruhusiwa katika miaka ya 1990, studio ya taifa ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilipita pale zikarekodi, kuanzia NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, hadi DDC Mlimani Park, na vikundi vya taarabu vya pwani. Kanda hizo zimerithiwa na TBC. Prodyuza wa singeli anayetafuta gitaa la zamani leo hulichomoa YouTube, likiwa limepandishwa na mtu asiyejulikana, na bila jina la mpigaji. TBC, ofisi ya hakimiliki ya COSOTA na taasisi za mirabaha zikikaa pamoja, orodha ya kanda hizo inaweza kuwekwa mtandaoni ikionyesha wimbo, bendi, wapigaji waliotambuliwa na ada ndogo isiyobadilika ya kukata kipande, inayolipwa kwa simu kama mtu anavyonunua luku. Mkataji analipa, anaandika chanzo kwenye maelezo ya wimbo wake, na hakuna kitufe cha California kitakachomgusa.

Watakaocheka wapo. Wanamuziki wamesikia ahadi za mirabaha kwa miaka, na wengi wao wakifungua mgawo hukuta nauli ya kwenda na kurudi. Shaka yao ina msingi. Ila hata mkusanyaji mwaminifu kuliko wote hawezi kumlipa mtu ambaye jina lake halimo kwenye faili, na ndiyo maana kutaja kunatangulia kulipa. Wengine watasema vijana wa Manzese hawatalipa hata shilingi. Baadhi hawatalipa, kama ambavyo baadhi hawalipi nauli ya mwendokasi. Wengi wao, hata hivyo, wanataka kazi zao ziuzwe Ulaya, na lebo za huko huuliza vipande vimetoka wapi. Kwa kijana huyo, risiti yenye jina la bendi ni pasipoti.

Muda si mwingi. Sheria ya 1999 inalinda tungo kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979. Mwaka 2029 ulinzi wa tungo zake unakwisha, na kuanzia hapo yeyote hapa nchini anaweza kuzikata, kuzikimbiza na kuziuza bila warithi wake kudai chochote kisheria.